Sura ya Sita: Kikokotoo

Kwa miaka mingi kikokotoo kilikuwa kifaa tu. Mwenye duka alikiweka kando ya mizani, karani alikibonyeza mwisho wa mwezi, mwanafunzi alikificha mfukoni kwa sababu mwalimu wa hisabati alikikataza. Kufikia Desemba 2018 neno hilo lilikuwa limepata maana nyingine nchini Tanzania. Lilisikika kwenye daladala, kwenye vyumba vya walimu na hata kwenye vikao vya harusi, na aliyelitamka alikuwa na hasira au hofu. Kikokotoo sasa kilikuwa kanuni ya kukokotoa mafao ya mtu anayestaafu, na kanuni hiyo ilikuwa imebadilishwa.

Ijumaa ya tarehe 28 Desemba, Rais John Magufuli alikutana Ikulu jijini Dar es Salaam na viongozi wa vyama vya wafanyakazi pamoja na wakuu wa mifuko ya hifadhi ya jamii. Baada ya kuwasikiliza, alisitisha kanuni mpya. Aliagiza kila mstaafu alipwe kwa kikokotoo cha mfuko wake wa zamani, na utaratibu huo uendelee hadi mwaka 2023. Ukumbi ulilipuka kwa shangwe. Walioshangilia wengi wao walikuwa watu wazima wenye mvi, na furaha yao haikutokana na nyongeza ya mshahara wala posho mpya. Walishangilia namba tatu zilizorudishwa mahali pake.

Ili kuelewa shangwe ile, ni lazima kurudi nyuma kidogo.

Mifuko mingi, ahadi mbalimbali

Hifadhi ya jamii Tanzania Bara haikujengwa kwa ramani moja. Ilikua kama nyumba ya ukoo, kila kizazi kikiongeza chumba. Mfuko wa akiba wa watumishi wa serikali, GEPF, ulianza mwaka 1942. Ule wa serikali za mitaa, LAPF, ulifuata mwaka 1944. Mwaka 1964, miaka michache baada ya Uhuru, ukaja mfuko wa akiba wa taifa, NPF, ambao mwaka 1997 uligeuzwa kuwa NSSF. Mashirika ya umma yalipata mfuko wao, PPF, mwaka 1978. Mwaka 1999 serikali ilianzisha PSPF kwa ajili ya watumishi wake, ambao hadi wakati huo walilipwa pensheni moja kwa moja na Hazina bila kukatwa hata senti. Zanzibar ina mfuko wake, ZSSF, uliotungiwa sheria mwaka 1998.

Kila mfuko ulikuja na ahadi yake. Dereva wa halmashauri aliyekuwa LAPF na dereva wa shirika la umma aliyekuwa PPF wangeweza kuishi nyumba zinazopakana, kulipwa mshahara ule ule na kustaafu siku moja. Wa kwanza angepokea nusu ya pensheni yake kwa mkupuo, yaani fedha nyingi kwa mara moja, ile ambayo wengi wanaiita kiinua mgongo. Wa pili angepokea robo tu. Mafao yao yalitofautiana kwa sababu ya jina la mfuko lililoandikwa kwenye kadi.

Kwa hiyo hoja ya kuunganisha mifuko ilikuwa na nguvu. Bunge lilipitisha Sheria ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma ya mwaka 2018, na tarehe 1 Agosti mwaka huo mfuko huo mpya, PSSSF, ulianza kazi. PPF, PSPF, LAPF na GEPF zilikoma. Watumishi wa umma walikwenda PSSSF, na NSSF ikabaki na sekta binafsi pamoja na watu waliojiajiri. Kiwango cha michango kilibaki asilimia 20 ya mshahara. Kwa upande wa PSSSF mtumishi hukatwa asilimia 5 na mwajiri huongeza 15.

Sheria ile siyo iliyowakasirisha watu. Kilichowakasirisha ni kanuni zilizofuata baadaye mwaka huo huo, karatasi chache zenye namba: 580, 12.5 na 25.

Hesabu ya mwalimu

Tumchukue mwalimu wa mfano aliyechangia miaka 30, yaani miezi 360, na ambaye wastani wa mshahara unaotumika katika hesabu yake ni shilingi 1,160,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 13,920,000.

Chini ya kikokotoo cha zamani cha PSPF, mshahara huo wa mwaka uligawanywa kwa 540 na kuzidishwa kwa idadi ya miezi. Jibu ni shilingi 9,280,000, pensheni yake kamili ya mwaka. Nusu ya fedha hizo ilizidishwa kwa 15.5 na kulipwa kwa mkupuo, na nusu iliyobaki iligawanywa kwa miezi 12. Mwalimu wetu angeondoka na mkupuo wa shilingi 71,920,000, kisha kila mwezi angepokea takriban shilingi 386,700.

Kanuni za 2018 ziligusa kila hatua ya hesabu hiyo. Badala ya 540 ikaja 580, na pensheni kamili ya mwaka ikashuka hadi 8,640,000. Badala ya nusu ikaja robo. Badala ya 15.5 ikaja 12.5. Mkupuo wa mwalimu yule yule, mwenye chaki ile ile na miaka ile ile, ukawa shilingi 27,000,000. Pensheni ya mwezi ilipanda na kufika 540,000.

Shilingi 44,920,000 zilikuwa zimetoweka kwenye mkupuo, na malipo yake yalikuwa nyongeza ya takriban shilingi 153,300 kwa mwezi. Ukigawanya, utaona kwamba mwalimu angehitaji kupokea nyongeza hiyo kwa miaka 24 na miezi mitano ndipo pengo lizibike. Aliyestaafu akiwa na miaka 60 angepaswa kuvuka 84, na hapo hatujagusa kupanda kwa bei. Watu hawakuhitaji mtaalamu wa takwimu kuwaonyesha hilo. Walikaa na kalamu, wakapiga hesabu wenyewe, na jibu likawakosesha usingizi.

Siri ya 12.5

Katika namba zote, 12.5 ndiyo inayostahili kutazamwa kwa makini. Ni idadi ya miaka. Mfuko unapomlipa mstaafu mkupuo, unanunua kutoka kwake sehemu ya pensheni yake ya baadaye na kumlipa bei ya miaka 12 na nusu mara moja. Anayefariki kabla ya muda huo kupita alikuwa na faida ya kuchukua mkupuo mkubwa. Anayeishi zaidi ya hapo angefaidika zaidi na pensheni kubwa ya mwezi. Namba hiyo ilipokuwa 15.5, bei aliyolipwa mstaafu kwa kila shilingi ya pensheni aliyoiuza ilikuwa nzuri zaidi.

Hapo ndipo kiini cha ugomvi kilipo. Mfuko unaona umati, kwamba wako watakaokufa mapema na wako watakaofika miaka 90, na kwa wastani hesabu zinakaa sawa. Mtumishi anajiona peke yake. Anajua baba yake alifariki akiwa na miaka mingapi, anajua sukari yake na presha yake. Anayeambiwa asubiri pensheni ya mwezi anaombwa aweke dau juu ya uhai wake mwenyewe, na hana namna ya kujua matokeo.

Tena mkupuo Tanzania si fedha ya anasa. Mwalimu au muuguzi aliyehamishwa wilaya nne katika utumishi wake mara nyingi hana nyumba iliyokamilika. Ana kiwanja alichonunua zamani, msingi uliomea majani, na labda matofali yaliyopangwa pembeni yakisubiri siku ya kustaafu. Ana mtoto wa mwisho chuoni. Ana mkopo benki. Ana ndoto ya mashine ya kusaga au kufuga ng'ombe wawili wa maziwa. Mipango hiyo yote huhitaji fedha iliyokamilika mkononi, na pensheni ya mwezi, hata ikiwa nono, haiwezi kuezeka nyumba. Aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja kazini mwaka 2018 alikuwa amejenga maisha yake juu ya asilimia 50. Kanuni ilibadilika akiwa tayari ameshika kitasa cha mlango wa kutokea.

Upande wa mifuko nao ulikuwa na maumivu yake. PSPF ilipoanza mwaka 1999 ilirithi watumishi waliokuwa wamefanya kazi miaka mingi bila kuchangia. Mfuko ulianza kuwalipa mafao ya miaka yao yote, ukitegemea serikali irejeshe sehemu ya kabla ya 1999. Marejesho yalichelewa, deni likavimba mwaka hadi mwaka, na kufikia kuunganishwa kwa mifuko maelfu ya wastaafu walikuwa wakisubiri mafao ambayo hayakuwa yamelipwa. Baadaye serikali ilitoa hatifungani maalumu isiyo taslimu yenye thamani ya zaidi ya shilingi trilioni 2 ili kupunguza deni hilo. Hilo linaonyesha kwamba ukata wa mifuko haukutokana na ukarimu wa kikokotoo peke yake. Sehemu kubwa ya mzigo ilikuwa ahadi ya serikali iliyochelewa kulipwa, na bado mwaka 2018 aliyetakiwa kuubeba alikuwa mstaafu mtarajiwa.

Onyo la mwaka 2012

Kikokotoo hakikuwa ugomvi wa kwanza. Mwaka 2012 marekebisho ya sheria za hifadhi ya jamii yaliondoa fao la kujitoa, lile lililomwezesha mwanachama aliyeacha kazi kuchukua michango yake hata kama hajafika umri wa kustaafu. Nia ilikuwa kulinda uzee: fedha ya pensheni ikiliwa mtu akiwa na miaka 35, hakutakuwa na pensheni akifika 60.

Wafanyakazi wa migodini na viwandani waliisoma sheria ile kwa jicho jingine. Kwao ajira ni ya mkataba. Mgodi ukipunguza watu, kijana wa miaka 33 anarudi nyumbani na begi lake, na sheria inamwambia fedha yake ipo salama, aifuate akifika umri wa kustaafu kwa hiari, miaka 55. Kwa miaka 22 hiyo atakula nini? Malalamiko yalitikisa migodi na kufika bungeni, serikali ikalegeza msimamo kwa muda, na mjadala ukaburuzwa hadi sheria ya 2018.

Sheria hiyo ilileta jibu la kati, fao la kukosa ajira. Mwanachama aliyechangia angalau miezi 18 na kupoteza kazi bila kuacha kwa hiari yake hulipwa theluthi moja ya mshahara wake kwa miezi sita. Ni hatua. Kwa fundi wa mtambo ambaye mgodi wake umefungwa, miezi sita hupita haraka, lakini angalau sheria ilikiri jambo ambalo mwaka 2012 halikukiriwa: kwamba mtu anaweza kupata shida kabla ya uzee.

33, kisha 40

Agizo la Ikulu lilinunua muda. Muda huo ulitumika kwa mazungumzo kati ya serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi chini ya shirikisho lao, TUCTA, na mwaka 2022 kilitangazwa kikokotoo kipya kilichoanza kutumika tarehe 1 Julai. Mkupuo ukawa asilimia 33 kwa wote, huku 580 na 12.5 zikibaki. Mwalimu wetu wa mfano sasa angepata mkupuo wa shilingi 35,640,000 na pensheni ya shilingi 482,400 kwa mwezi.

Kwa aliyetoka PPF au NSSF, ambako mkupuo ulikuwa robo, hiyo ilikuwa nyongeza. Kwa aliyetoka PSPF au LAPF ilikuwa bado ni kushuka kwa kishindo. Walimu, askari na wauguzi wengi walikuwa kundi hili la pili, na wabunge walipokwenda majimboni hawakuweza kulikwepa swali. Mei Mosi baada ya Mei Mosi, kikokotoo kiliandikwa kwenye mabango.

Juni 2024, akisoma hotuba ya bajeti, Waziri wa Fedha Mwigulu Nchemba alitangaza mabadiliko mengine. Waliokuwa na asilimia 50 na kushushwa hadi 33 wangelipwa 40. Waliokuwa na 25 na kupandishwa hadi 33 wangelipwa 35. Mwalimu wetu akafika mkupuo wa shilingi 43,200,000 na pensheni ya 432,000 kwa mwezi. Ni nafuu ya shilingi 7,560,000 ikilinganishwa na mwaka 2022, ingawa mkupuo huo bado uko chini ya ule wa zamani kwa shilingi 28,720,000. Majirani wetu wawili wa LAPF na PPF nao wametengana tena, mmoja kwa 40 na mwingine kwa 35, miaka sita baada ya mifuko kuunganishwa ili kufuta tofauti kama hizo.

Nchini Kenya safari ilipita njia nyingine. Kwa miaka mingi mfanyakazi alichangia NSSF ya huko shilingi 200 za Kenya kwa mwezi na mwajiri 200, kiasi kisichoweza kumlisha mzee yeyote. Sheria ya mwaka 2013 ilileta mchango wa asilimia 6 kwa kila upande, lakini ilipelekwa mahakamani na kukwama karibu muongo mzima, hadi Mahakama ya Rufani ilipoipa njia Februari 2023. Ilipoanza kutumika, ilipanda ngazi kwa ngazi: mfanyakazi alikatwa kiwango cha juu cha shilingi 1,080 mwaka wa kwanza, 2,160 mwaka wa pili na 4,320 mwaka wa tatu. Makato hayo yameuma, na Wakenya wameyalalamikia. Hata hivyo kila mmoja aliweza kusoma mapema ngazi inayofuata itakuwa na urefu gani, na hicho ndicho alichokosa mwalimu wa Tanzania mwaka 2018.

Pensheni bila dawa

Hesabu ya uzee haiishii kwenye mkupuo. Mzee anayepokea shilingi 432,000 kwa mwezi anaweza kuzimaliza zote siku moja kwenye dirisha la dawa. Ndiyo maana mabadiliko ya bima ya afya yanawagusa wastaafu karibu sawa na kikokotoo.

Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001. Mtumishi wa umma hukatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri huongeza 3. Kadi humhudumia yeye, mwenza wake na wategemezi hadi wanne. Akistaafu, mfuko huendelea kumtibu yeye na mwenza wake. Wategemezi hawamo tena. Mjukuu anayelelewa na bibi, jambo la kawaida katika nyumba nyingi, anabaki nje ya kadi.

Kwa muda fulani pengo hilo lilizibwa na Toto Afya Kadi, iliyomwezesha mtu kumkatia mtoto mmoja bima kwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Machi 2023 utaratibu wa kumsajili mtoto mmoja mmoja ulisitishwa. NHIF ilieleza kwamba wazazi wengi walisajili mtoto akishaugua, hivyo gharama zikazidi michango. Kwa kanuni za bima maelezo hayo yana mantiki, kwa sababu bima huishi kwa wazima kuwachangia wagonjwa. Kwa bibi mwenye mjukuu mwenye selimundu, mantiki hiyo haikupunguza bei ya dawa hata kidogo. Watoto walielekezwa kusajiliwa kupitia shule au kifurushi cha familia, na mtoto wa miaka miwili hana shule.

Mwaka uliofuata, tarehe 1 Machi 2024, NHIF ilianza kutumia kitita kipya cha bei na huduma. Hospitali binafsi kadhaa zilisema bei hizo haziwezi kuziendesha, zikasimamisha huduma kwa wenye kadi. Mvutano ulikuja kutulizwa kwa mazungumzo, lakini waliofika mapokezi siku hizo wakiwa na miadi ya kliniki walirudishwa na kadi zao mkononi. Mzee wa kisukari hawezi kusitisha sindano yake mpaka pande mbili zielewane.

Katikati ya misukosuko hiyo, Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, baada ya muswada wake wa awali kurudishwa ukafanyiwe kazi zaidi. Inataka kila mkazi awe na bima, na inaanzisha mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo, utakaopata fedha kutokana na tozo kwa bidhaa kama vileo, soda na vipodozi. Ni sheria yenye nia kubwa kuliko zote zilizotangulia, kwa sababu inawafikia mkulima, machinga na mama lishe, ambao hawakuwahi kuwa na mshahara wa kukatwa asilimia yoyote. Zanzibar ilikuwa imetangulia kuwafikia watu hao kwa upande wa pensheni. Tangu Aprili 2016 kila mkazi wa Visiwani mwenye miaka 70 na zaidi hulipwa pensheni jamii, awe aliwahi kuajiriwa au la. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye ikapandishwa hadi 50,000.

Siku hizi mifuko huendesha semina kwa wastaafu watarajiwa. Ukumbi hujaa watu wa miaka 50 na kitu, wenye madaftari na miwani ya kusomea. Afisa huandika kanuni ubaoni na kueleza 580 ni nini na 12.5 ni nini, kisha hufafanua nani anaangukia 40 na nani 35. Hiyo ni kazi muhimu, na ingefaa ifanywe kwa mtumishi wa mwaka wa kwanza kuliko kumsubiri wa mwaka wa mwisho. Ingefaa zaidi kama sheria yenyewe ingeweka wazi kwamba kanuni mpya haimgusi aliyebakiza miaka michache kustaafu, na kwamba kila punguzo litatangazwa miaka kadhaa kabla na kushuka hatua kwa hatua.

Mwalimu aliyeajiriwa mwaka 2024 akiwa na miaka 24 atafikisha 60 mwaka 2060. Katika miaka 25 tu iliyotangulia ajira yake, masharti makubwa ya mafao yaliguswa mwaka 1999, 2012, 2018, 2022 na 2024. Hati yake ya kwanza ya mshahara inaonyesha asilimia 5 iliyokwenda PSSSF na asilimia 3 iliyokwenda NHIF, kila moja kwenye mstari wake, hadi senti ya mwisho. Asilimia ya mkupuo wake haimo.